Nimempelekea skrubu moja ailegeze, amenirudishia kijiko. Halafu kaomba ya soda!

#1 Mipira Miwili

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, msinirekebishe herufi.

Yule fundi. Simtaji, uzi usije ukafungwa, ila mnamjua. Yule wa mashine ya kung'arisha rimu, mwenye redio isiyozimwa na stuli ya miguu mitatu. Leo saa nane mchana kaniua, kanizika, halafu kaniomba ya soda.

YA SODA.

Wale wa zamani humu mnaikumbuka Mistral yangu. Regulata ya kuzamia ya Kifaransa, ya La Spirotechnique, aina iliyoanza kutoka 1955. Kopo la duara linakaa nyuma ya shingo, mipira miwili ya kupitisha hewa, yenye mikunjo kama koo la bata mzinga, inakuja mbele mdomoni. Niliipata kwa mjane wa mzamiaji mmoja, imefungwa kwenye kanga, kromu yote ipo. YOTE. Ina mikwaruzo ya kiutu uzima tu, ile inayokuambia hiki kitu kimeona maji.

Tatizo lilikuwa moja: skrubu ya kubania kwenye mtungi imeganda. Nikatoa kiwambo, nikaacha mipira nyumbani (Mungu mkubwa), nikapeleka kopo na kibano chake. Nikamwambia fundi kwa Kiswahili cha darasa la pili: legeza skrubu, basi. Akasema, "Hiyo ndogo bosi, kanywe chai."

Nimekunywa chai. Narudi, namkuta kainyanyua juu kama nahodha wa timu aliyekabidhiwa kombe. Inawaka. Nimeona meno yangu mwenyewe. Kromu hakuna, kaisaga yote mpaka shaba ya manjano, na maandishi ya kiwanda yamefutika, ukipitisha kidole kinateleza kama kwenye sahani ya pilau. Akafuta jasho, akatabasamu: "Nimekung'arishia bure bosi, ilikuwa imechoka. Toa ya soda."

Imechoka! Ilivuka miaka sitini na zaidi haijachoka, ikachoka nilipokwenda kunywa chai.

Na skrubu? BADO IMEGANDA.

#2 Pweza Mkavu

Weka picha.

#3 Mama Ntilie wa Feri

Nimesoma mara mbili bado sijajua marehemu ni nani. Ni kile kidude cha mtungi wa gesi ya kupikia?

#4 Mipira Miwili

Dada yangu, SI cha gesi. Kinampa mzamiaji hewa pale anapovuta tu, na kwa presha ya kina alichopo. Asipovuta hakitoi. Kile cha jiko kinaachia muda wote jiko likiwa limefunguliwa.

Haya, nikubali kwa shingo upande, ukoo wao ni mmoja. Wakati wa vita Ufaransa haikuwa na petroli ya kutosha, magari yakaendeshwa kwa gesi, na Émile Gagnan, mhandisi wa Air Liquide, alikuwa na vali ya kazi hiyo. Yeye na Cousteau, yule mzamiaji Mfaransa, wakaigeuza ya kuzamia, 1943. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kunisagia kromu!

Alivyotabasamu, dada. Laiti ungemwona. "Toa ya soda."

#5 Mama Ntilie wa Feri

Kumbe babu yake ni kidude cha gesi. Basi sikukosea sana, na fundi naye hakukosea sana.

#6 Nahodha Mstaafu

Kosa lako. Skrubu ya shaba iliyoganda kwa kutu ya kijani haipelekwi kwa mtu wa rimu. Siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, dakika chache huku unaichungulia, brashi ya meno, suuza kwa maji baridi. Ikigoma, rudia kesho. Ukimaliza, grisi ya silikoni kidogo. Siyo mafuta ya cherehani, hewa hiyo unaivuta wewe.

Ila nakumbuka kuna mtu mwaka juzi alilaza kibano kwenye siki usiku kucha, kromu ikabanduka kama ganda la yai, akaja kufungua uzi akailaumu siki. Sijui alikuwa nani.

#7 Pweza Mkavu

😂😂😂 Picha iko wapi?

#8 Mipira Miwili

Mzee wangu Nahodha, shikamoo, lakini ile siki ilikuwa kali kuliko kawaida na haihusiani na uzi huu.

#9 Kaa Koche

Pole chifu. Afadhali wewe. Mimi niliitundika regulata yangu ya DA Aqua-Master sebuleni, ile ya Marekani ya 1958, mipira miwili inaning'inia vizuri kabisa. Shemeji kaja na wageni kutoka Morogoro, kaitazama muda mrefu, kaniuliza mkaa unawekwa wapi. Wenzake wakanyamaza wote. Shisha ilipigwa marufuku 2016, na mimi ni mzee wa kanisa. Mpaka leo kule Morogoro naitwa Mzee Moshi.

#10 Chewa wa Pangani

Nyote mnadeka. Mimi nilinunua mtandaoni kwa mtu kaandika "haijawahi kuguswa". Ni kweli, hata yeye hakuigusa, maana mipira niliposhika tu ikavunjika kama biskuti iliyoachwa nje. Na kabla ya hapo mzigo ulizuiwa wiki tatu kwa sababu ofisa mmoja alishikilia kwamba ni mtambo wa gongo. Nikamwonyesha namna ya kuvutia hewa. Akaniambia, "Ndiyo, huko ndiko inakotokea."

#11 Mama Ntilie wa Feri

Huyo ofisa apewe uzi wake 😂

#12 Mipira Miwili

Tusihamishe mada jamani. Mtu kaniharibia kitu, kakiinua juu, kacheka, kaomba YA SODA. Tunazungumzia gongo kwa nini?

#13 Mtumbwi Bila Kasia

Mimi natumia Cyklon 300 ya Poseidon, ya Kiswidi, mpira mmoja, inafanya kazi mpaka leo. Hiyo mipira yenu miwili ni mapambo. Ukiinua kipande cha mdomoni juu ya kopo hewa inamwagika yenyewe. Maji yakiingia mpaka ulalie ubavu wa kushoto ndipo upulize. Mnazamia au mnatafuta usingizi?

#14 Nahodha Mstaafu

Kijana, mapovu yanatokea nyuma ya kichwa, samaki hawashtuki na mbele ya macho panabaki safi. Wapiga picha wa chini ya maji wanalijua hilo. Heshima kidogo.

#15 Mtumbwi Bila Kasia

Shikamoo mzee. Ila Cyklon ni Cyklon.

#16 Bibi Harusi wa Pili

Mimi nina swali moja tu kwa mwenye uzi. Ulimpa?

#17 Pweza Mkavu

Swali zuri. Na picha.

#18 Kaa Koche

Mwenye uzi kapotea.

#19 Mipira Miwili

Nilikuwa nakula.

Nilimpa elfu mbili. Hakuwa na chenji.

#20 Mama Ntilie wa Feri

NIMEKUFA 😂😂😂😂

#21 Chewa wa Pangani

Kwa hiyo kakung'arishia, ukalipa, ukasema asante?

#22 Mipira Miwili

Sikusema asante. Nilisema "haya".

#23 Bibi Harusi wa Pili

Msimcheke, mafundi wana dawa. Fundi wangu wa nguo nilimpelekea kitambaa cha sendoff miezi miwili kabla. Kila nikipiga, "dada, bado vifungo tu." Siku ya sendoff naingia dukani namkuta dada yake kavaa gauni langu, anajipima "aone linavyoanguka". Nikalipa. Nikaongeza na ya nauli.

#24 Kaa Koche

"Bado vifungo tu" 😂 Wangu alinitengenezea suti ya mtu mwingine. Alipoona mikono imepita vidole akaniambia nikunje, ndiyo inavyovaliwa siku hizi.

#25 Mtumbwi Bila Kasia

Wa kwangu kahama mji na suruali nne.

#26 Mama Ntilie wa Feri

Nne? Wewe ulikuwa unafungua duka? Jamani kwa kuwa mpo wengi hapa, nani ana fundi wa friji mwaminifu? Yangu inagandisha mboga na kuyeyusha barafu.

#27 Chewa wa Pangani

Yupo yule wa mashine ya rimu, na friji anatengeneza. Mkono mwepesi sana.

#28 Mama Ntilie wa Feri

Anachukua shilingi ngapi?