Ulinganisho: njia za kufuatilia faili zinazosomwa mara kwa mara ndani ya kerneli ya Linux

mtunza_kumbukumbu (mwanzisha mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba tulinganishe njia za kujua ni faili zipi zinazosomwa sana kwenye seva ya Linux. Seva ninayoitunza inatoa picha za magazeti ya zamani yaliyoskaniwa. Faili zake nyingi ni kubwa, zimehifadhiwa kwenye diski za kuzunguka, na wasomaji huzipata kupitia Nginx, programu ya seva ya wavuti. Tumepata SSD moja ambayo haiwezi kubeba hata sehemu ya kumi ya mkusanyiko wote, kwa hiyo nataka uteuzi wa faili zitakazohamia huko utokane na vipimo, si kubahatisha. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ni 6.1, ile ya Debian 12.

Njia ninazozifikiria ni nne: atime, yaani muda wa kusomwa mara ya mwisho unaoandikwa kwenye inodi (rekodi ya taarifa za faili); inotify au fanotify, zinazoiarifu programu faili inapoguswa; eBPF, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli; na DAMON, kifuatiliaji cha matumizi ya kumbukumbu. Nimesoma pia kwamba mwaka 2010 wahandisi wa IBM walipendekeza kipimo cha joto la data, yaani jinsi inavyoguswa mara kwa mara, ndani ya mfumo wa faili wa Btrfs, lakini sikioni kwenye kerneli yangu. Ipi inafaa kwa kazi hii, na kila moja inashindwa kuona nini?

msomaji_msimbo

Ndugu mtunza_kumbukumbu, nianze na hilo la mwisho. Pendekezo la IBM lilihesabu usomaji na uandishi wa kila inodi na wa kila kipande cha faili, likaangalia pia muda unaopita kati ya mguso mmoja na mwingine, kisha likavigeuza vyote kuwa namba moja ya joto. Mwaka 2012 na 2013 kazi hiyo ilipandishwa hadi VFS, tabaka ambalo mifumo yote ya faili hupitia, ili isibaki mali ya Btrfs peke yake. Haikuingizwa kwenye kerneli kuu. Ndiyo maana leo hakuna daftari moja la joto la faili, na sisi tunaokusanya vipimo tunalazimika kuchagua tabaka la kusimama.

Atime ni rahisi kuliko zote, lakini kwa lengo lako ni dhaifu. Tangu kerneli 2.6.30 ya mwaka 2009 mifumo ya faili hupachikwa kwa chaguo la relatime, ambalo huandika muda mpya pale tu ule wa zamani unapokuwa umepitwa na badiliko la faili au umepitisha saa 24. Faili iliyosomwa mara elfu moja leo na faili iliyosomwa mara moja leo zitaonekana sawa kabisa. Ningeitumia atime kutafuta faili zisizoguswa kwa miezi, kwa sababu hapo inasema kweli, lakini nisingeitumia kupanga zile zinazoguswa sana.

Kuhusu inotify, mwongozo wake wenyewe unaeleza kwamba matukio yanayofuatana yakiwa sawa, na lile la kwanza halijasomwa bado, huunganishwa kuwa moja, hivyo haiwezi kutegemewa kuhesabu. Pia humlazimu mtumiaji kuweka mlinzi kwenye kila saraka. Fanotify imepunguza adha hiyo, kwa kuwa alama moja inaweza kufunika mfumo mzima wa faili tangu kerneli 4.20, lakini kila tukio bado linapelekwa kwenye programu yako, na foleni yake ya kawaida ni matukio 16,384. Seva ikizidiwa, foleni hufurika na hesabu hupotea wakati uleule ulioihitaji zaidi. Zote mbili hazioni usomaji unaofanyika kupitia mmap, yaani faili inapopachikwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya programu.

fundi_diski

Naunga mkono maelezo hayo, na ninapendekeza eBPF kwa sababu hesabu hufanyika ndani ya kerneli yenyewe: programu ndogo huongeza namba kwenye jedwali kila faili inaposomwa, nawe unalisoma jedwali hilo kila baada ya dakika kadhaa badala ya kupokea tukio mojamoja.

Lakini tafadhali usichukue filetop, chombo kilichotengenezwa tayari kwa eBPF, ukaamini unachokiona. Chombo hicho kimefungwa kwenye vitendaji vya kerneli vfs_read na vfs_write, ilhali Nginx katika mpangilio wa Debian huwa imewashiwa sendfile, wito wa mfumo unaotuma faili bila kuipitisha kwenye programu, na wito huo haupiti vfs_read. Utaona kumbukumbu za matukio na faili za mpangilio zikiongoza orodha, huku picha zinazosomwa mchana kutwa hazionekani kabisa. Katika kerneli 6.1, ukiwa na mfumo wa faili wa ext4 au XFS, fungia kipimo chako kwenye filemap_read, kwa sababu read na sendfile zote hukutana hapo zinapopitia kache ya kurasa, yaani sehemu ya RAM inayotunza vipande vya faili zilizosomwa. Ukihamia kerneli mpya zaidi, ongeza filemap_splice_read, maana njia ya sendfile ilitenganishwa. Hii ndiyo bei ya eBPF kwenye majina ya ndani: hayana ahadi ya kudumu, na kila unapopandisha kerneli ni lazima uyahakiki upya.

kina_kirefu

Wakuu, majibu ni mazuri, ila nadhani tunapima kitu ambacho si kile anachokihitaji mwanzisha mada. Ametaka kujua faili zinazosomwa sana, lakini uamuzi alionao ni wa SSD. Faili inayosomwa kuliko zote kwa kawaida imeshakaa kwenye kumbukumbu, ndani ya kache ya kurasa, na diski haiguswi tena kwa ajili yake. Ukiihamishia kwenye SSD utakuwa umetumia nafasi adimu kuharakisha kitu ambacho tayari kinatoka kwenye RAM, na faida utaiona tu seva inapowashwa upya. Faili zinazostahili kuhama ni zile za kundi la pili: zinazosomwa mara nyingi kiasi cha kuisumbua diski, lakini si mara nyingi kiasi cha kubaki kwenye kumbukumbu.

Kwa hiyo ningepima kukosekana kwenye kache. Kerneli ina nukta ya ufuatiliaji iitwayo mm_filemap_add_to_page_cache, ambayo hutoa namba ya inodi, kifaa, na nafasi ndani ya faili kila ukurasa unapoingizwa kwenye kache. Jumlisha kwa inodi na utapata orodha iliyo karibu sana na kazi halisi ya diski, ikiwa ni pamoja na kurasa ambazo kerneli imezisoma mapema kwa kukisia kwamba zitahitajika. Kurasa zinazoundwa na uandishi mpya nazo zitahesabiwa, lakini kwenye mkusanyiko unaosomwa tu hilo halina uzito.

Mkipata kerneli 6.5 au mpya zaidi, mtazame pia cachestat. Wito huo huipokea faili moja na kueleza ni kurasa zake ngapi zimo kwenye kache, ngapi zimeondolewa, na ngapi zimeondolewa hivi karibuni kiasi kwamba kurudi kwake kungemaanisha zinatumika kweli. Namba hiyo ya mwisho inategemea ufuatiliaji wa kurasa zilizofukuzwa, ambao umo kwenye kerneli tangu 3.15 ya mwaka 2014.

nahodha_wa_seva

Kwa kuwa DAMON imetajwa bila kujibiwa, nami niseme machache. Iliingia kwenye kerneli 5.15 mwaka 2021, na ubora wake mkubwa ni kwamba gharama yake ina kikomo: huigawa kumbukumbu katika maeneo, huchukua sampuli ya ukurasa mmoja katika kila eneo, na idadi ya maeneo haivuki kiwango unachokiweka, hata kama kumbukumbu ni kubwa namna gani. Kwa hifadhidata iliyopachika data yake kwa mmap ni chombo kizuri sana. Hata hivyo inazungumza lugha ya anwani za kumbukumbu, haijui majina ya faili. Ukiielekeza kwenye anwani za mchakato wa Nginx haitaona faili zinazotumwa kwa sendfile, kwa sababu kurasa zake hazijapachikwa humo.

Ningeuliza pia kama ni lazima mpimaji awe mwanadamu. Dm-cache na bcache, sehemu za kerneli zinazoifanya SSD kuwa kache ya diski, ziliingia mwaka 2013 na hukaa chini ya kache ya kurasa, hivyo kile alichokieleza kina_kirefu zinakipata bila kukitafuta: maombi yanayozifikia ni yale tu ambayo kumbukumbu imeshindwa kuyajibu. Dm-cache inaweza kuunganishwa kupitia LVM, msimamizi wa sehemu za diski, kwenye ujazo uliopo. Bcache huhitaji diski iandaliwe, na kwa kawaida hupitisha pembeni usomaji mfululizo unaozidi MB 4, jambo ambalo kwa picha kubwa zilizoskaniwa lingemaanisha SSD kukaa bila kazi hadi ubadilishe kikomo hicho, kiitwacho sequential_cutoff.

mtunza_kumbukumbu

Nawashukuru sana. Hoja ya kache ya kurasa imebadilisha swali langu. Bado napendelea kuchagua faili mwenyewe badala ya kuiachia dm-cache, kwa sababu kuna makusanyo ambayo wahariri hututangazia wiki moja kabla hayajaanza kusomwa, na hakuna kipimo cha nyuma kitakachoyaona. Nina maswali mawili: nipange orodha kwa idadi ya kurasa tu, au nizingatie ukubwa wa faili? Na je, kazi ya nakala rudufu ya usiku, ambayo husoma kila kitu, haitaharibu vipimo?

msomaji_msimbo

Zingatia ukubwa. Apple walilifanya hilo kwenye mfumo wao wa faili wa HFS+ tangu Mac OS X 10.3 ya mwaka 2003: joto la faili lilikuwa baiti zilizosomwa zikigawanywa kwa ukubwa wa faili, zikikusanywa kwa kipindi cha saa 60, na faili zilizozidi MB 10 hazikuzingatiwa kabisa. Kikomo hicho cha MB 10 hakikufai, lakini mgawanyo unakufaa, kwa sababu unakupa faida ya kila baiti ya SSD unayoitumia. Bila mgawanyo huo, picha chache kubwa zitajaza nafasi yote.

fundi_diski

Kuhusu nakala rudufu, itaharibu vipimo vyote vilivyotajwa hapa, kila kimoja kwa namna yake. Ukibaki na atime kwa ajili ya kutafuta faili zilizolala, na nakala rudufu yako inatumia rsync, programu ya kunakili faili, ipe chaguo la --open-noatime, lililopo tangu toleo la 3.2.0. Kwa eBPF, endesha nakala rudufu chini ya mtumiaji wake mwenyewe, kisha programu yako ikague namba ya mtumiaji na kuacha kuhesabu inapoikuta. Hata hivyo, kurasa zitakazoingizwa na nakala rudufu zinaweza kufukuza nyingine kwenye kache, na wasomaji wa asubuhi watahesabiwa kukosekana ambako hawakukusababisha wao. Kwa sababu hiyo ningeyatenga kabisa masaa ya kwanza baada ya kazi hiyo kumalizika, na kuanza kujumlisha pale idadi ya kurasa zinazoingia kwenye kache itakapokuwa imetulia.