Naomba ushauri: watoto wa salamanda wamenijazia beseni

Mgeni_Ughaibuni: Wakuu, habari za jioni. Nipo Ujerumani, nafuga salamanda wadogo wa majini (wanafanana na mijusi ila ni jamaa wa vyura), wale wa China wenye tumbo jekundu. Jike ametaga tangu Machi, yai moja moja, kila yai kalikunjia ndani ya jani. Sasa watoto wamepita 50. Nisaidieni, sitaki wafe.

Fundi_Tangi: Watenge na wazazi, wasije wakaliwa. Maji yasizidi nyuzi 20. Wape chakula kilicho hai, dafnia (vidudu vidogo vya majini) au vijikamba vya kuangua mwenyewe.

Mama_Yusra: Mie sungura wawili walifika 19, baba Yusra akahamia kulala sebuleni. Mnyama ni amana mwanangu, vumilia.

Mtoto_wa_Udzungwa: Mkuu, unapanga kuwapeleka wapi?

Mgeni_Ughaibuni: Kuna bwawa bustanini hapa jirani, halina samaki. Ndoo iko tayari, nilipanga Jumamosi. Wa majini wanarudi majini, kosa liko wapi?

Mtoto_wa_Udzungwa: Usithubutu! Salamanda wa Asia hubeba ukungu wa ngozi bila kuugua. Kule Uholanzi ukungu huo ulikaribia kuwamaliza salamanda wa madoa ya njano, ukatambuliwa rasmi 2013. Na sisi tuna kidonda chetu, chura wa Kihansi, kule Tanzania. Maji ya maporomoko yalipunguzwa kwa ajili ya umeme, kisha 2003 wakapukutika, na ukungu wa jamii hiyohiyo ukakutwa kwao. 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Waliosalia walikuwa kwenye matangi Marekani.

Macho_Makavu: Hii chai. Nani afuge mijusi 50 ugenini? Picha iko wapi?

Mgeni_Ughaibuni: Kaka, simu yangu haivuti vitu vidogo hivyo. Wamekonda kama njiti ya kiberiti, kandokando ya shingo wana vimanyoya vya kupumulia. Wakubwa kati yao wameota miguu ya mbele, ya nyuma bado.

Fundi_Tangi: Huyu anao kweli. Mtunzi angeanza na miguu ya nyuma, kama kiluwiluwi cha chura. Mkuu, watoto wagawie wafugaji wenzako hukohuko. Mayai yaliyobaki yagandishe leo kwenye friza, yasije yakaanguliwa wengine. Maji ya beseni mwaga chooni, si bustanini.

Mama_Yusra: Kugandisha tena? Hapana jamani.

Mgeni_Ughaibuni: Ndoo nimeirudisha stoo. Mayai ya jana bado ni vidoa tu, hayo nitayagandisha. Lakini hapa nimefunua jani moja chini ya taa, kitu kinajipinda ndani. Hili naliacha.