Kura ya Yasuní: mbona mafuta bado yanachimbwa?

Mwanajiografia:
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Tarehe 20 Agosti 2023, takriban asilimia 59 ya wapiga kura wa Ekwador waliamua kwamba mafuta ya Kitalu 43, eneo la uchimbaji lililo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yasuní katika msitu wa Amazoni, yabaki ardhini, na serikali ikapewa mwaka mmoja kuondoa mitambo. Mbona uchimbaji unaendelea? Na ukikoma, Wawaorani, wenyeji wa asili wa msitu huo, watarudishiwa nini?

Binti Pangani:
Ndugu Mwanajiografia, kisima cha kwanza kilifungwa Agosti 2024, kisha serikali ikasema kazi yote ya kufunga visima itaendelea hadi mwaka 2029. Bajeti ya nchi ile imeegemea mafuta tangu miaka ya 1970, na hiyo ndiyo sababu kubwa. Hata hivyo sheria haiko kimya: hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, iliyotangazwa Machi 2025 katika shauri la Watagaeri na Wataromenane, jamii zinazoishi msituni kwa kujitenga kabisa, iliitaka Ekwador itekeleze matokeo ya kura hiyo. Kuchelewa huku ni dhuluma, kwa sababu watu wasioweza kufika mahakamani ndio wanaoubeba mzigo wake.

Mzee Kichuguu:
Nijibu swali la pili, ambalo naliona zito zaidi. Mafuta hayakuingia Yasuní peke yake. Katika miaka ya 1990 kampuni ya mafuta ya Maxus ilipasua barabara ndani ya msitu, na familia za Wawaorani, waliozoea kuhamahama kufuata mawindo na mashamba yao ya mihogo, zikahamia kandokando yake, zikipewa usafiri na vyakula na kampuni. Mawindo yaliyokuwa ya kugawana nyumbani yakaanza kuuzwa kwenye soko la Pompeya. Kijana anayengoja ajira ya kampuni hana tena sababu ya kumfuata babu yake msituni akajifunze njia, miti ya dawa na kutengeneza mshale wa sumu. Mitambo ikiondolewa kesho, barabara itabaki.

Mwanajiografia:
Shukrani, Mzee wangu. Sasa naelewa kwa nini katika mkoa wa Orellana, ambamo kitalu hicho kimo, wengi walipiga kura mafuta yaendelee kuchimbwa.

Binti Pangani:
Ndiyo, ingawa Wawaorani wa mkoa wa Pastaza, ambao kwao visima havijafika, walishinda kesi mjini Puyo mwaka 2019 na ardhi yao ikaokolewa kabla ya kunadiwa. Juhudi zielekezwe huko kwanza.