Katiba yaruhusu, Kanuni ya Adhabu yafunga: Bunge linangoja nini kuhusu uavyaji mimba?

Mzee_Kisauni: Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha papo hapo kinafungua mlango: mhudumu wa afya aliyehitimu akiona ni dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, mimba inaweza kuavya. Lakini Kanuni ya Adhabu ya mkoloni bado ina vifungu vya 158 hadi 160: miaka 14 kwa anayeitoa, 7 kwa mama mwenyewe, 3 kwa aliyempa dawa. Polisi afuate ipi? Tujadili sheria, dini tuiache mlangoni.

Nyuki_Mkali: Mimba haiavyi. Huavywa. Endelea.

Mzee_Kisauni: Maneno yote hayo, umeona kitenzi kimoja?

Nyuki_Mkali: Mimba ikiwa ndiyo imeavya, tumshtaki nani?

Debe_Tupu: 😂😂 Mpeni kesi huyu. Ila ujanja wote umo kwenye neno "afya". Makanisa yalipiga kelele wakati wa kura ya maoni ya Katiba hiyo, yakapuuzwa. Leo msichana akisema ana mawazo mengi, hiyo nayo afya.

MamaWawili: Debe, ushawahi kubeba chochote miezi tisa? Hata gunia?

Debe_Tupu: Nalipa karo ya watoto watatu. Na mmoja si wangu.

MamaWawili: Sikuulizia karo.

Debe_Tupu: Umeuliza nimebeba nini. Nimebeba karo.

Wakili_Bila_Suti: Jamani. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa jambo hili kwa madaktari 2012, mwaka uliofuata ikauondoa. 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa kulivunja Katiba. Ni ile kesi ya msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kienyeji, figo zikafeli, baadaye akafa.

Debe_Tupu: Na aliyembaka je? Hapo wanaharakati kimya.

Wakili_Bila_Suti: Kimya cha nani? Hata Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, inataja ubakaji. Kenya iliiridhia 2010 lakini ikakiweka kando kipengele hicho hicho cha kutoa mimba.

Nyuki_Mkali: Kwa hiyo tulitia sahihi harusi, bwana harusi tukamwacha nje.

Tabibu_wa_Zamu: Mzee, Katiba ndiyo kuu, kifungu cha 2 kiko wazi. Lakini askari akiingia wodini saa nane usiku habebi Katiba, anabeba pingu. Ndiyo maana wenzangu wengi husema "nenda hospitali kubwa" na kufunga mlango.

Debe_Tupu: Basi wafuate taratibu, waandike. Mnaogopa kalamu?

MamaWawili: Wewe, huyo mtoto wa tatu ni wa nani?

Debe_Tupu: Wa dadangu. Alimzaa akiwa kidato cha pili. Sasa ni darasa la tano na hesabu anawashinda wangu.

MamaWawili: Na dadako alirudi shule?

Debe_Tupu: Hayo ya nyumbani kwetu yaache.

MamaWawili: Wewe ndiwe uliyeyaleta.

Mzee_Kisauni: Jamani, Bunge?