Ulipewa mnyama bure, kisha mwenyewe akarudi kumdai? Tupeane uzoefu

Mkaazi wa Bamburi (mwanzilishi wa uzi)

Salaam nyote. Nimelikalia jambo hili muda mrefu, leo nalitoa.

Mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa mwezi wa Machi na ufuo ukabaki mtupu, jirani aliyekuwa akipandisha wageni farasi alinijia jioni. Ana farasi jike wa kahawia, mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Akaniambia, "Ndugu yangu, sina cha kumlisha tena. Mchukue." Nikamuuliza: nimchukue kwa muda, ama kabisa? Akasema kabisa. Usiku akanitumia na sauti kwa WhatsApp, akarudia maneno yale yale. Ile sauti sikuifuta.

Sasa, farasi wa bure hula sawasawa na wa kununua. Farasi wa kilo 400 anataka kama kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, na kwa joto letu hili lita 30 za maji hazimtoshi. Tena aliyekonda namna ile humjazi chakula siku moja. Daktari wa mifugo alinikataza kumpa nafaka mwanzoni, akasema nyasi kidogo kidogo kutwa nzima, kwani mwili uliozoea njaa ukishibishwa ghafla unaweza kufa. Akanikataza pia kumwagia nyasi chini. Huku kwetu ni mchanga mtupu, farasi huula pamoja na nyasi, ukamlalia tumboni. Na msokoto ukimshika hana hata njia ya kutapika, farasi hatapiki. Nikampigilia hori la mbao. Kwato zilikuwa zimeota hadi zimepinda, fundi akawa anakuja kila baada ya wiki sita au saba. Hayo yote mfukoni mwangu, na mimi si tajiri.

Mwezi wa saba tangu aje kwangu, alfajiri namkuta amezaa. Tumbo nililidhania ni shibe! Mimba ya farasi huchukua miezi kama 11, kwa hivyo alikuja nayo kutoka kule. Habari ikatembea, na wiki haikuisha jirani yuko mlangoni: "Mimi nilikupa mama, sikukupa mtoto."

Tukaitana mbele ya wazee wa mtaa. Nikawasikilizisha ile sauti. Mzee mmoja akamuuliza swali moja tu: "Siku unampa, ulisema kilichomo tumboni ni chako?" Akanyamaza, akaondoka. Mtoto akabaki kwangu.

Lakini tulikuwa tukifuturu sinia moja, na tangu siku ile hata salamu hapokei. Hilo ndilo linaloniuma. Nyinyi wenzangu yaliwakuta ya namna gani?

Mfuga punda, Jomvu

Pole sana ndugu. Yangu ni ya punda. Nilipewa na muuza maji aliyenunua tuktuk. Punda hasahau njia. Kila nikimfungua alfajiri, anarudi kwa bwana wake wa zamani. Nami nikadhani ni mapenzi ya mnyama tu, nikawa namfuata na kumrudisha. Siku moja nikawahi, nikamkuta amefungwa mkokoteni, mitungi imejaa, yule bwana anauza maji kama kawaida! Kumuuliza, akaniambia, "Amekuja mwenyewe."

Nilighadhibika, lakini kesi sikufanya. Nilimfunga punda zizini wiki tatu, namlisha pale pale, akazoea kwangu. Ushauri wangu kwa anayepewa punda: usimfungulie mapema.

Karani wa mawakili, Mombasa mjini

Naongeza upande wa sheria kwa ufupi. Zawadi ya kitu kinachohamishika hukamilika mtoaji akiwa na nia ya kutoa na kitu kikashikwa na mpokeaji. Ikishakamilika hivyo, kujuta hakurudishi. Ugomvi huwa pale mmoja anaposema "nilimpa" na mwingine "nilimwekesha". Kwa hivyo andikeni, hata karatasi ya daftari: tarehe, rangi na alama za mnyama, kwamba ametolewa moja kwa moja, akiwa na mimba mtoto ni wa nani, mpokeaji akishindwa amrudishe au la. Mashahidi wawili watie sahihi. Sauti ya WhatsApp husaidia pia, ila mahakamani ushahidi wa simu huambatana na hati maalumu, kwa hivyo usibadilishe simu ovyo. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, na unajisimamia mwenyewe bila wakili. Kadhi msimpelekee mambo haya, yeye ana ndoa, talaka na mirathi.

Mama wa Likoni

Wanangu, nyote mmesema kama mliopewa. Mimi ndiye niliyetoa.

Marehemu mume wangu aliniachia punda. Nilimtoa sadaka kwa kijana mmoja apate riziki. Baada ya miezi nikamwona barabarani anavuta mchanga, mgongo umechunika, nzi wamejaa kidondani. Nililia pale pale. Nikamfuata kijana nikamwambia nirudishie, akakataa. Nikamwambia basi niuzie, akataja bei.

Nilipokwenda kumuuliza imamu wetu, akanikumbusha Sayyidna Umar. Alitoa farasi katika njia ya Mungu, aliyepewa akamtupa, Umar akataka kumnunua. Mtume akamkataza: usimnunue wala usiirudie sadaka yako, hata akikupa kwa dirhamu moja. Moyo wangu haukutaka kusikia, lakini nilisikia.

Ila kutomrudia si kumwacha ateseke. Kumtwika mnyama kupita kiasi na kumfanyisha kazi na vidonda ni kosa, iko sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Nilikwenda na daktari wa mifugo kwa yule kijana, dawa nikanunua mimi, na kijana akaambiwa wazi kuwa akimfunga tena kabla hajapona atashtakiwa. Alipona. Mpaka leo nikimwona nasimama nimpapase shingo, na kijana haniambii kitu.

Sasa wewe wa Bamburi, haki ni yako, sipingi. Lakini huyo jirani alimtoa farasi kwa njaa, hakumchoka. Ulishawahi kumwita aje amtazame?

Mkaazi wa Bamburi

Mamangu, sijawahi. Miaka yote nilikuwa nikihesabu gharama zangu na ile sauti ya simu, sikuwaza kuwa yeye alimlea kabla yangu.

Farasi angali hai, mwanawe amemshinda kimo. Kesho baada ya Alasiri nitabisha hodi kwake. Nitawaandikia.