MJADALA: Je, sheria imzuie mwenye shamba kufuta jina la kale la Kiwelisi?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kaskazini mwa Wales, nchi iliyo ndani ya Uingereza na yenye lugha yake ya Kiwelisi, kwenye milima ya Glyderau, kuna bonde dogo linaitwa Cwm Cneifion. Kwa Kiwelisi cneifion ni manyoya ya kondoo yaliyokatwa, yaani jina lenyewe linakupa habari za wachungaji. Wapanda milima wa Kiingereza wao walilizoea kama "Bonde Lisilo na Jina". Jina lilikuwepo, wao hawakulijua. Jambo hili limenikaa moyoni.

Tangu 2017 Wales ina orodha rasmi ya majina ya kale ya mahali, iliyotokana na sheria ya 2016. Ina majina mamia kwa maelfu, mpaka ya viwanja vya malisho na nyumba za shamba. Halmashauri zinatakiwa kuiangalia zinapotoa majina ya mitaa. Lakini anayenunua shamba na kulibandika jina jipya la Kiingereza hajavunja sheria yoyote. Mwaka huohuo wa 2017 pendekezo la kutunga sheria ya kuyalinda lilikataliwa bungeni kwao.

Mimi nasema sheria ije, na iwe na meno. Majina haya yanaeleza ardhi. Aber ni mahali mto unapoishia, kwa hiyo Abertawe ni pale mto Tawe unapoingia baharini. Ukisema Swansea, mto umeshapotea. Na kwa sensa ya 2021 wanaoweza kuongea Kiwelisi hawafiki asilimia 18. Kwa wengi wa waliobaki, jina la kijiji chao ndilo neno la Kiwelisi wanalolitamka kila siku.

Mchangiaji:
Mkuu, nakuelewa, ila nyumba nimeinunua kwa jasho langu, halafu serikali inipangie cha kuandika mlangoni? Na hiyo "kale" ni ya lini? Lile jina refu la kijiji cha Llanfairpwll, la herufi 58, lilibuniwa karne ya 19 ili stesheni yao ivutie watalii. Nalo ni urithi? Isitoshe wanajiweza bila kumbana mtu. Mamlaka ya hifadhi ya Eryri iliamua 2022 kuuita mlima Snowdon kwa jina lake la Kiwelisi, Yr Wyddfa, na 2023 hifadhi ya Brecon Beacons ikawa Bannau Brycheiniog. Watu wamezoea, maisha yanaendelea.

Mleta mada:
La Llanfairpwll nakubali, si kila jina la Kiwelisi ni la kale. Ndiyo maana orodha inajengwa juu ya ramani na hati za zamani, siyo juu ya hisia.

Ila mfano wa Yr Wyddfa hautufikishi mbali. Mlima ule ni mrefu kuliko yote Wales, kila mtu anaujua, na kuna mamlaka moja iliyokaa kikao ikaamua. Shamba halina kikao. Lina mnunuzi mmoja na kibao kimoja. Simkatazi kuweka kibao anachokipenda. Ninachotaka ni jina la zamani libaki kwenye anwani na kwenye ramani, na akitaka kulifuta kabisa aombe kibali, majirani wasikilizwe kwanza.

Na tusijifanye hili ni la wazungu peke yao. Henry Morton Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, na jina lake likabandikwa kwenye mji wa Kongo, Stanleyville. Mwaka 1966 ukawa Kisangani. Jina la Kisangani liliwezekana kurudi kwa sababu waongeaji wa Kiswahili wa pale walikuwa bado wanalo midomoni. Sasa mkuu, nijibu hili moja: kiwanja cha malisho ambacho jina lake linajulikana na mzee mmoja tu, kibao kikibadilishwa leo na mzee akafariki mwakani, atakayeliita tena ni nani?