Sikio la kushoto linalia tangu nipige risasi porini, la kulia liko poa. Kwanini?

Kimya_Porini: Wakuu habari zenu. Mimi nawinda nguruwe pori na raifo, kwenye shabaha huwa naziba masikio ila porini sizibi maana nataka kusikia mnyama akikanyaga majani. Juzi nimepiga mara mbili tu na tangu hapo sikio la kushoto linalia kama mbu, haliachi hata usiku. Kweli risasi mbili zinaweza kuharibu sikio? Na mbona kushoto tu?

Bega_la_Kulia: Unapigia bega la kulia, sio? Ukilaza shavu kwenye kitako sikio la kushoto ndo linaelekea mdomo wa bunduki, la kulia linafichwa na kichwa chako mwenyewe. Ndo maana kwa wapigaji wengi wa mkono wa kulia kushoto kunatangulia kufa. Na mbili ni nyingi mkuu, hata moja inaweza. Mlio wa ghafla ukivuka desibeli 140 tayari ni hatari na raifo au shotgani inaenda 150 mpaka 170, na kama umefunga mazo breki, kile kifaa cha mdomoni mwa bunduki cha kupunguza teke, ndo balaa zaidi, gesi inatupwa pembeni na nyuma, anaumia mpaka jamaa uliyeenda naye

Dada_Vipimo: Pole kaka. Nenda kwa daktari wa masikio kesho, usisubiri liishe lenyewe. Kama usikivu umeshuka kuna dawa za steroidi ambazo zikianzwa mapema zina nafasi ya kusaidia, ukikaa wiki na wiki nafasi inapungua. Omba kipimo cha usikivu masikio yote mawili, hata hilo unalosema liko poa, maana kelele huanza kula sauti nyembamba karibu na hezi 4000 na mtu hajijui, anasikia watu wanaongea ila maneno hayashiki, s na f zinapotea. Seli zenye vinyweleo kule ndani zikishakufa hazioti tena. Na usipige tena kwa sasa.

Kimya_Porini: Asante dada, kesho asubuhi naenda. Ila nikipona porini nitasikiaje mnyama? Sailensa peke yake haitoshi?

Bega_la_Kulia: Sailensa inapunguza kama desibeli 20 mpaka 30 hivi, kwa raifo kubwa bado unaweza kubaki karibu na 140, halafu ule mpasuko wa risasi inayopita kasi ya sauti haiugusi kabisa. Tafuta vifunika masikio vya elektroniki, vina maiki nje, vinakuza sauti ndogo kama hatua za mnyama na vinabana mlio mkubwa, kwa hiyo kisingizio cha kutosikia hakipo. Miwani yenye mikono minene inaacha mwanya chini ya vifunika, angalia hapo

Mzee_Shotgani: mi naweka pamba tu miaka yote

Dada_Vipimo: Mzee wangu shikamoo, pamba haizuii kitu cha maana. Hivi TV nyumbani unaifungulia sauti hadi ngapi?

Mzee_Shotgani: marahaba. mke wangu ndo analalamika